Muuzie Sindano

Ndugu zangu katika imani, baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), nainasihi nafsi yangu kabla yenu: tumche Allah.

Leo nimekuja na buibui. Si yule wa kwenye dari anayewatoa watoto mbio. Huyu ana urefu wa milimita 2 au 3 tu. Akitua kwenye kanzu utadhani chembe ya masizi. Wataalamu wanamweka katika jenasi ya Erigone, miongoni mwa buibui vibete. Spishi zake ni nyingi, na katika mashamba ya Uingereza wamejaa Erigone atra na Erigone dentipalpis. Buibui wadogo wa ukoo huu Waingereza huwaita buibui wa pesa: akikuangukia nguoni, eti fedha iko njiani.

Tusiwacheke upesi. Nani humu hajawahi kuwashwa kiganja akasema, "Leo napata"? Na yule muuza duka anayekataa kuuza sindano usiku, eti atafukuza riziki? Anaswali Isha, kisha anaogopa sindano!

Buibui mwenyewe hangoji bahati. Akitaka kuhama hupanda hadi ncha ya jani, akasimama kwa vidole, akainua tumbo na kuachia uzi. Hapo hunyanyuliwa. Mwaka 1832 mwanasayansi Charles Darwin aliona buibui wadogo kwa maelfu kwenye kamba za merikebu aliyosafiria, karibu kilomita 100 kutoka pwani ya Amerika Kusini. Watu wakasema ni upepo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwatia hawa Erigone katika sanduku lisilo na upepo, wakawasha umeme mfano wa ule uliomo angani: wakapaa. Ulipozimwa, wakashuka. Subhanallah! Kumbe kuna nguvu tusiyoiona, naye anaihisi kwa vinyweleo vya miguuni.

Sura ya Al-Ankabut wengi tunaikumbuka kwa aya ya 41, ya udhaifu wa nyumba ya buibui. Endeleeni mpaka aya ya 60. Humo mnatajwa viumbe wasiobeba riziki zao, na Anayewaruzuku wao ndiye anayeturuzuku sisi.

Basi ndugu yangu mwenye duka, usiku wa leo mtu akija kutaka sindano, muuzie.