Aliyeshika Upawa

Shughulini, anayepakua chakula humtazami usoni. Unatazama upawa. Umeanzia kwa nani? Umemruka nani? Nyama imeishia sahani gani?

Uongozi wa kijiji ni upawa huo. Chakula ni cha watu, si cha mpakuaji. Ndiyo maana hapa Tanzania mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Yasomwe kwa sauti. Yasikike hadi nyuma kabisa, kwa bibi aliyekaa chini ya mwembe, naye aulize: saruji ya zahanati iko wapi? Ajibiwe. Ajibiwe kwa heshima, bila kukemewa.

Mwenyekiti, mtendaji, unayefungua ofisi asubuhi hii: karatasi ya mapato iliyobandikwa ubaoni ni ya lini?