Namba na Mtu

Nilipokuwa nikifundisha walimu wanafunzi chuoni, niliwaambia mara nyingi kwamba alama si elimu. Mtoto aweza kupata alama nzuri kwa kukariri tu, wala asielewe kitu. Sasa nimevuka miaka sabini, na neno hilo nalifikiria katika jambo zito zaidi: mgonjwa mahututi ambaye shinikizo lake la damu limeshuka.

Maambukizi makali yakienea mwilini, mishipa ya damu hulegea, na damu hukosa msukumo wa kufika vizuri kwenye figo na ubongo. Madaktari humwongezea mgonjwa maji, na yasipotosha humpa dawa ya kubana mishipa, hasa noradrenalini, kidogo kidogo kwa pampu. Lengo la kawaida ni wastani wa milimita 65 za zebaki. Dawa hii haiui vijidudu. Kazi yake ni kumpatia mgonjwa muda, ili tiba yenyewe ifanye kazi. Ni mwega unaoshikilia ukuta wakati fundi anatengeneza msingi.

Lakini mwega si msingi. Dawa ikizidi, namba kwenye mashine yaweza kupanda huku vidole vikikosa damu na kuwa vyeusi. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Uingereza juu ya wagonjwa wapatao 2,600 wenye miaka 65 na zaidi. Walioachiwa shinikizo la chini kidogo, kati ya 60 na 65, walipewa dawa kidogo zaidi, wala haikuonekana kwamba walikufa zaidi ya wenzao.

Je, kuiondoa dawa hiyo ni kuua? Wako wasemao ndiyo. Mimi nasema hapana, iwapo ugonjwa umekwisha kushinda: aondoaye mwega kwenye ukuta usiojengeka tena siye aliyeubomoa. Wahenga walisema, la kuvunda halina ubani. Lakini nani amepewa pua ya kunusa? Daktari anaujua mwili, na jamaa wanamjua mtu. Hapana budi wakae pamoja, tena kila siku, waulizane: dawa hii inasubiri nini? Jibu likiwapo, iendelee. Lisipokuwapo, tunachorefusha ni kufa.

Wanangu nimekwisha kuwaambia: siku yangu ikifika, msimwulize daktari namba imefika ngapi. Mwulizeni tunasubiri nini.