Usijenge Mto Ulikolala

Mjukuu wangu, nimesikia unahamia shambani karibu na Hola, ukakae peke yako. Sikukatazi. Shamba la mtoni halitaki mwenyewe akae mjini. Ila mto Tana una mambo yake, na ni heri uyasikie kwangu kabla ya masika.

Mbingu ya huku usiitegemee. Nyika yetu ni kavu, jua linaweza kuwaka mwezi mzima, na bado ukaamka maji yako mlangoni. Mvua inayotufurisha hunyesha Mlima Kenya na Aberdare, ikajaza Masinga na mabwawa yanayofuata mpaka Kiambere, kisha ziada ikashuka kwetu. Kila jioni chomeka kijiti pale maji yanapogusa mchanga. Asubuhi ukikuta kimezama, na mto umebeba povu, matete na magogo yenye majani mabichi, funga virago. Aishiye peke yake hana wa kumwamsha, kwa hiyo pata namba ya simu ya mtu wa Garissa, ambako maji hupita kabla ya kukufikia, na umpigie hata siku ambazo huna shida.

Kwenye kona, upande wa nje mto unakula gema, upande wa ndani unatapika mchanga. Ukiona ufa mwembamba umefuata ukingo, hatua mbili tatu kutoka majini, gema hilo limeshakwenda, limebaki kuanguka tu. Usisimame hapo na ndoo. Ule upande wa ndani nao unatamanisha, migomba inashika upesi. Panda, lakini usiuhesabu kuwa urithi.

Sasa nyumba. Ulinionyesha lile bonde lililopinda kama mundu, lenye mikuyu, ukasema pana kivuli. Bonde lile ni Tana wa zamani. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yalipokuja, maji yalitafuta mapito kama hayo kwanza. Jenga juu ya tuta la ukingo, walikojenga Wapokomo wa kale, hata kama jua litakuchoma. Na vidimbwi vilivyobaki bondeni usioge. Mkondo hufa, mamba wake hawafi nao.

Wapo wanaosema mto utazuiwa kwa kuta. Mwaka 1989 Tana ulihama, skimu ya umwagiliaji ya Hola ikakosa maji, wakulima wakataabika miaka mingi. Huko chini, katika karne ya 19, watu walichimba mfereji wa Belezoni wapitishe mitumbwi mpaka mto Ozi. Tana ukaupenda, ukahamia humo, na leo unaingia baharini Kipini. Hizo kuta zitajengwa upande upi?

Jirani zako Waorma watateremsha ng'ombe kunywa maji. Njia yao, malka, usiizibe kwa ua wala kwa mahindi. Wao huzunguka nyika nzima, nao ndio watakaokwambia mkondo umefunguka wapi safari hii. Wakipita, wape chai na uwaulize.