Ukuta wa Jirani na Mkono wa Kijana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad. 

Anayepita asubuhi katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa na mitaa ya jirani hukutana na maandishi yaliyopulizwa usiku: majina ya makundi ya vijana, vitisho, na matusi ambayo mtu hawezi kuyasoma akiwa na mama yake. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya jiji na ya Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe yenye mapambo ya buluu. Usafi ni jambo jema, lakini rangi hufunika ukuta tu; mkono uliozoea kuchafua haubadiliki kwa ndoo ya rangi. Hoja yangu leo ni moja: kumzuia kijana asiudhulumu ukuta wa mwenzake ni wajibu wetu sote, na wajibu huo hautimii mpaka tumfungulie kwa halali kile anachokitafuta kwa haramu.

Tuanze na hukumu yenyewe. Katika Hija ya kuaga, Mtume (s.a.w.) aliutangazia umma kwamba mali za watu zina utukufu kama damu zao na heshima zao. Ukuta ni mali ya mtu. Tena tuitazame dhuluma hii kwa karibu. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu wa mvua na wa bahari, kisha huutoa taratibu jua linapowaka. Ukipakwa rangi isiyopitisha unyevu, maji na chumvi hukwama ndani. Plasta huvimba, hupasuka, huanguka vipande vipande. Mwenye nyumba akiikwangua ile rangi, chokaa nayo hutoka. Kijana alitumia dakika chache kuandika jina, na mwenye nyumba atamtafuta fundi wa chokaa, ambaye siku hizi ni nadra, amlipe kwa pesa ambazo pengine hana. Ikiwa nyumba ni ya wakfu, basi aliyedhulumiwa ni kila anayenufaika na wakfu ule, mayatima wakiwemo. Na aliyefanya hayo gizani asidhani hakuonwa, kwani Suratul Infitar inatukumbusha kuwa juu yetu wapo malaika waandishi wanaojua tuyatendayo.

Wapo wanaosema kwamba kuchora ukutani ni sanaa, tena sanaa ya kale. Watatuonyesha Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, ambamo michoro ya askari wa Kireno imehifadhiwa kwa heshima. Watataja pia meli zilizochorwa kwa ncha kali kwenye plasta za magofu ya pwani yetu. Jawabu ni kwamba kuhifadhi athari za waliopita hakumaanishi kuyaridhia matendo yao. Qur'ani imetutaka tuyatazame makazi ya Thamud tupate mazingatio, na haikuwasifu Thamud. Ama sanaa yenyewe, hatuipingi. Nakshi za plasta katika nyumba za Lamu ni kazi ya mikono ya mafundi wetu, na wachoraji wa matatu za hapa Kenya wanalisha familia kwa rangi hizi hizi za kupuliza. Lakini fundi wa nakshi aliitwa na mwenye nyumba, na mchoraji wa matatu amekubaliana na mwenye gari. Idhini ya mwenyewe na usafi wa kinachochorwa ndivyo vinavyotenganisha riziki na dhuluma. Kipaji ni neema ya Mwenyezi Mungu, na neema huulizwa ilitumiwaje.

Wengine watauliza: mbona mnawaandama watoto kwa rangi ya ukutani, na wakubwa wanabomoa mitaa mizima? Swali hili lina haki ndani yake. Mtaani Buxton, hapa Mombasa, nyumba za zamani za kaunti zimebomolewa na mahali pake pakajengwa maghorofa mapya, na katika mitaa mingi ya kisiwani nyumba za Kiswahili zinazidi kutoa nafasi kwa majengo marefu. Kujenga makazi si kosa; watu wanahitaji pa kulala. Lakini Nabii Hud (a.s.) aliwakemea watu wake kwa kujenga majumba ya fahari kana kwamba wataishi milele, kama ilivyo katika Suratush Shu'araa. Ghorofa linapoota palipokuwa na kiwanja cha mpira, watoto hawaondoki na kiwanja; wanabaki kichochoroni. Hata hivyo, dhuluma ya tajiri haimhalalishii kijana dhuluma yake, kwa sababu ukuta anaouchafua kwa kawaida si wa jengo lenye geti na mlinzi. Ni wa jirani yake asiye na uwezo.

Hapa ndipo mfano wa Mtume (s.a.w.), uliosimuliwa na Nu'man bin Bashir na kuandikwa na Bukhari katika Sahihi yake, unapotufaa. Watu walipanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa wa juu, wakaona bora watoboe sehemu yao wasiwaudhi. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakishikwa mikono, wataokoka wote. Zingatieni mambo mawili. Kwanza, nia yao njema haingewazuia kuzama, kwa hiyo mkono ni lazima ushikwe. Pili, walichokuwa wakikitafuta ni maji, na kiu haiishi kwa kushikwa mkono. Vijana wetu wana kiu ya kutajwa, ya kazi, na ya mahali pa kukaa bila kufukuzwa. Masahaba walipoambiwa waache kukaa njiani na wakaeleza kuwa hawana budi na vikao vyao, Mtume (s.a.w.) hakuwavunjia baraza. Aliwapa haki za njia wazitimize: kuinamisha macho, kutoudhi watu, kujibu salamu, kuamrishana mema na kukatazana maovu.

Yupo atakayesema upole huu ndio uliowaharibu, wapigwe tu. Tumkumbushe kisa cha yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume. Watu walimwinukia kwa hasira, Mtume (s.a.w.) akawazuia, akaamuru ndoo ya maji imwagwe, kisha akamfundisha. Najisi haikuachwa, wala mtu hakuvunjwa. Basi kijana akikamatwa, aisafishe kazi yake kwa mkono wake, na gharama ilipwe, maana haki ya aliyedhulumiwa haifutwi na huruma yetu. Wazazi, mjue watoto wenu wako wapi saa nne za usiku. Kamati za misikiti, watafutieni hawa wanaopenda rangi fundi wa nakshi, wa khati au wa chokaa wajifunze kwake, kwani kazi ipo na mafundi wanapungua. Nanyi mnaojenga, acheni kiwanja na baraza katika ramani zenu, na muwaajiri watoto wa mtaa mnaojenga.

Ewe Mola wetu, waongoze vijana wetu, isafishe mikono yao na ndimi zao, warejeshee waliodhulumiwa haki zao, na utujaalie tuwe majirani ambao watu wanasalimika na shari zao. Amin.