Ile Gari Bado ni Ile?

Mnunuzi wa gari ya zamani huwa na swali moja kabla hata ya bei: "Ni orijino?" Likiulizwa Majengo, swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Ukiwa hapa, Gikomba iko pua na mdomo, makofi ya nyundo za Kamukunji hayako mbali, na Grogan, ile barabara ya spea, unafika kwa miguu. Gari ikizeeka mitaa hii, haizeeki peke yake. Inazeeka na mikono ya watu wengi.

Tuchukue Peugeot 504, ile ambayo wazee wanaiita Pijo. Ilitoka 1968. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na Ove Andersson kwenye usukani, kisha 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Na ile yenye mgongo mrefu ndiyo iliyobeba nusu ya nchi kwenda ushago. Sasa tuseme kuna mzee mtaani anayo moja tangu miaka hiyo. Injini ilishabadilishwa. Milango miwili ilitoka Grogan. Sakafu ilioza, ikakatwa, ikachomelewa bati jipya la jua kali. Rangi ni ya tatu. Ni kama lile jembe la babu: mpini umebadilishwa mara nne, chuma mara mbili, na bado tunaliita jembe la babu.

Wagiriki waliuliza swali hili kuhusu meli ya Theseus, iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja hadi hakuna wa kwanza uliobaki. Mwaka 1655, Mwingereza Thomas Hobbes akazidisha utata: je, mtu akiokota zile mbao kuukuu akaunda meli ya pili, meli ya kweli ni ipi? Hobbes hakuwahi kufika Gikomba, lakini hilo swali lingemfaa sana pale. Ile injini ya kwanza ya mzee haikupotea. Iko ndani ya gari ya mtu mwingine, inatembea.

Walio na pesa wana jibu lao: fuata namba. Namba ya chesisi, namba ya injini na karatasi za kiwanda zikubaliane. Kwa zile gari za Kimarekani zenye injini kubwa, tofauti ya namba inaweza kula sehemu kubwa ya bei. Lakini hata namba ina mipaka. Pontiac GTO ya 1964 iliuzwa kama nyongeza juu ya gari ya kawaida, LeMans, kwa hivyo namba ya chesisi pekee haikuambii kama uliyonayo ni GTO au ni LeMans iliyovalishwa nembo. Inabidi utafute karatasi za kiwanda, upitishe sumaku kwenye bodi uone pale inapokataa kushika kwa sababu ya filla, ulale chini utazame vyuma.

Halafu kuna ile Ford Mustang aliyoendesha Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt, 1968. Iliuzwa kwa mnada Januari 2020 kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada. Haikuwa imepigwa rangi mpya wala kunyooshwa. Ilikuwa imechakaa, na chini ya ubavu ilikuwa na vyuma vilivyochomelewa ili kushika kamera wakati wa kupiga picha. Hakuna kiwanda kilichoviweka vyuma hivyo. Kwa maana kali ya neno, hivyo si "orijino". Lakini ndivyo vilivyosaidia kuthibitisha kwamba hii ndiyo yenyewe, na hakuna mwenye akili angevikata.

Hapa ndipo ninapouliza: kwa nini chuma kilichochomelewa na watu wa Hollywood ni historia, na bati lililochomelewa Kamukunji ni kasoro?

Utaambiwa ni kwa sababu McQueen ni McQueen. Ni kweli, umaarufu una bei yake. Lakini kuna sababu ya pili, na hii tunaiweza. Vile vyuma vina hadithi inayojulikana: nani aliviweka, lini, kwa nini. Bati la mzee halina. Fundi aliyelipiga hakuandika popote, mzee hakuweka risiti, na mnunuzi akiuliza anaambiwa, "Hii haijawahi kuguswa, boss." Papo hapo, kazi safi ya mikono inageuka kuwa ushahidi wa uongo. Fundi hakukosea kitu. Aliyeifanya kazi yake ionekane ya aibu ni yule aliyeikana.

Kwa hivyo mimi sioni kwamba kubadilisha ndiyo dhambi. Dhambi ni kufuta. Kuvalisha 504 ya kawaida rangi za Safari ni heshima, mradi useme ni ya kuigiza. Kuinyang'anya gari iliyokufa namba yake na kuichomelea kwenye gari nyingine ni wizi, hata kama vyuma vyote ni halali. Na wizi huo hauishii kwa mnunuzi. Unamfikia kijana anayeitwa jioni, anapewa noti kadhaa na kuambiwa, "Piga tu hizi tarakimu hapa." Siku mambo yakilipuka, tajiri ana wakili, na kijana ana nyundo mkononi.

Halafu chuma chenyewe hukumbuka. Namba ikigongwa, chuma kilicho chini yake hubanwa. Hata ukiisaga juu hadi iwe laini, wachunguzi wakipaka asidi, ile namba ya kwanza huweza kujitokeza tena, kwa sababu asidi hailili eneo lililobanwa sawa na lililo jirani.

Majengo tulipaswa kulielewa hili mapema. Mtaa huu ni wa tangu miaka ya 1920. Nyumba zake za fito na udongo zimekandikwa upya, zikaezekwa upya, zikaongezwa chumba, na bado watu wanasema ni ile ile ya bibi fulani. Wanasema hivyo kwa sababu majirani walikuwepo kila ukuta ulipobadilishwa. Kitu hubaki kile kile kikiwa na mashahidi.

Gari nayo inahitaji mashahidi, na daftari la shilingi hamsini linatosha. Andika: tarehe, kilichotolewa, kilichowekwa, jina la fundi, picha ya kabla na ya baada. Mzee wa 504 akiuza na daftari kama hilo, labda bei haitafikia ya ile isiyoguswa. Ni sawa. Anauza gari ambayo mnunuzi anaijua, na majina ya mafundi wa Kamukunji yanasafiri nayo, yakiwa yameandikwa, hata ikipandishwa meli kwenda London.