MGONJWA ASIYE NA MAKARATASI



Wengi wetu tuna mtoto ao ndugu aliyekwenda kutafuta kimbilio ng'ambo. Kwa hiyo ulizo hili linatuhusu: mtu asiye na makaratasi ya inchi, akiugua, ana haki ya kutunzwa?

Tutazame jambo lililotokea Canada. Tangu 1957 serikali ya inchi ile ilikuwa na mpango wa kulipia matunzo ya wakimbizi. Tarehe 30 Juni 2012 ikaupunguza. Wale ambao ombi lao la kimbilio lilikataliwa, pamoja na waliotoka inchi zilizohesabiwa kuwa salama, walibakiziwa dawa za ugonjwa unaoweza kuhatarisha watu wengine tu. Mwenye kifua kikuu alitunzwa. Mwenye ugonjwa wa sukari alinyimwa insulini. Mtu mmoja wa Afghanistan alikuwa na ugonjwa huo. Ombi lake lilikataliwa, lakini Canada haikumrudisha kwao kwa sababu ya hatari iliyokuwa kule. Akae, lakini asitunzwe! Na Congo yetu nayo, tangu 1997, iliandikwa katika inchi ambazo Canada ilisimamisha kurudisha watu.

Fikirini vizuri, wapendwa. Nikikupa dawa kwa kuwa kikohozi chako kitanifikia, nimejitunza mimi mwenyewe. Wewe sijakuona bado. Upendo unaanza pale ugonjwa wako hauwezi kunidhuru, nawe huna cha kunilipa.

Wengine watasema: dawa zina bei, na mlango ukiwa wazi wageni watajaa. Neno hili si la kuchekwa, maana sisi tunajua kituo cha afya kisicho na dawa. Tena serikali ina haki ya kuamua nani akae na nani arudi. Lakini kazi hiyo ni ya mwamuzi. Mganga anaulizwa jambo lingine: mtu huyu anaumwa nini? Ugonjwa usiwe fimbo ya kumfukuzia mgeni. Msamaria wa Injili hakuuliza makaratasi, na gharama alilipa kwa mfuko wake. Tarehe 4 Julai 2014, mwamuzi Anne Mactavish wa Mahakama ya Shirikisho alikata kwamba kupunguza kule kulikuwa ukatili na kulivunja sheria kubwa ya inchi. Mwaka 2016 matunzo yakarudishwa.

Sasa tujipime sisi. Julai na Agosti 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua karibu wakimbizi 50,000 wa Rwanda pale Goma, katika mwezi mmoja. Maji na waganga vilitoka pande nyingi. Kipindupindu kinaogopesha kila mtu. Lakini mama Mrundi anayekaa Fizi, nje ya kambi ya Lusenda, akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, hamwambukizi mtu. Tunamfungulia, ao tunauliza kwanza karatasi na franka?

Tusilaumu Ulaya na Canada kwa kinywa, huku mlango wetu umefungwa. Matunzo tunayowaombea watoto wetu walio mbali, tumpe mgeni aliye karibu. Sanduku la wagonjwa la parokia lisiulize kabila wala kadi. Liulize moja tu: ni nani anayeumwa?

Amina.