Kumwambia Mtoto Asamehe

Mwanafunzi anayeonewa shuleni akija kwa mchungaji au kwa mlezi wa vijana, mara nyingi hupewa maombi, soda na neno "samehe." Kisha hurudi bwenini. Usiku uleule analala kitanda cha chini, na aliyempiga analala cha juu.

Swali langu ni hili: je, tunayo haki ya kumwambia hivyo? Sisemi kwamba msamaha si amri. Ni amri, na hakuna Mkristo atakayeikwepa. Nauliza ni nani anayeweza kuudai, kwa nani, na lini.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana wengi wetu tukisikia uonevu shuleni tunafikiria fimbo za walimu. Hizo zina mjadala wake. Mimi nazungumzia mwanafunzi kwa mwanafunzi. Kidato cha kwanza anaitwa njuka, anafua nguo za wakubwa, anawachotea maji kiangazi foleni ikiwa ndefu, na karanga alizofungiwa na mama yake zinaliwa na watu asiowajua. Kwenye shule za kata wapo wanaopanga vyumba mitaani, geto moja watu wanne, bila patroni wala matroni. Huko mkubwa ndiye sheria. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 madarasa yamejaa, jambo ambalo tulilishangilia na tulikuwa na haki ya kulishangilia, ila jicho la mwalimu mmoja halifiki tena dawati la nyuma.

Na kuna uonevu usioacha alama mwilini. Kijana aliyekulia machimboni Mwakitolyo, akizungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili shule ya msingi, anaingia kidato cha kwanza ambako masomo ni kwa Kiingereza. Anasoma sentensi moja kwa sauti, darasa zima linaangua kicheko, na kuanzia siku hiyo jina lake ni lile neno alilokosea. Binti aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, kwa ruhusa ambayo Serikali ilitangaza Novemba 2021, anaitwa "mama fulani" kila akipita. Mtoto mwenye ualbino anaitwa majina ambayo sitayaandika hapa. Sisi wa Shinyanga hatuna udhuru katika hilo. Tunaijua Shule ya Msingi Buhangija, na tunajua ni kwa nini watoto wale walipelekwa huko mbali na wazazi wao: walihofiwa kuuawa. Jina la kejeli si panga, lakini mtu hafikii kumkata mwenzake kabla hajazoea kumwita kitu.

Utetezi wa kwanza utakaousikia ni kwamba "ni utani tu." Tusiudharau, kwa sababu utani tunaujua vizuri. Bagalu na Bagika wakishindana ngoma baada ya mavuno hukejeliana mbele ya umati, na hakuna anayekwenda polisi. Babu anamwita mjukuu wake "mke wangu" na wote wanacheka. Lakini utani una sheria zake. Anayetaniwa anaruhusiwa kujibu, tena akijibu vizuri zaidi anashangiliwa. Na mtani huyohuyo ndiye anayefika kwako ukifiwa, akashika kazi za msiba kama mwenye nyumba. Sasa mwangalie njuka. Akijibu anapigwa. Akishikwa na malaria, huyo anayejiita mtani wake hamletei hata kikombe cha uji. Basi tusiukopeshe uonevu jina zuri la mababu.

Utetezi wa pili ni wetu sisi wazazi, hasa tuliosoma bweni: "Hata sisi tulionewa, na tukawa watu." Shule ya Alliance, kule Kikuyu nchini Kenya, ilianzishwa mwaka 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti. Imetoa mawaziri, majaji na waandishi. Mwaka 2017 wakaguzi wa Serikali waliripoti kwamba wanafunzi wapya walikuwa wakipigwa na kuteswa na viranja na wakubwa wao, na mkuu wa shule akastaafu kabla ya wakati. Hiyo si shule ya watu wasiomjua Mungu. Ina kanisa lake ndani ya uwanja. Inawezekana kabisa wimbo wa asubuhi na kipigo cha usiku vikaishi chini ya paa moja kwa miaka, iwapo kila aliyepigwa anangoja tu zamu yake ya kupiga. Na huo msemo wa "tukawa watu" una kasoro: wanaousema ni wale waliofika mwisho. Aliyeacha shule kidato cha pili akaenda kuponda mawe kwenye karasha hajawahi kualikwa kwenye mahafali akatoa ushuhuda wake.

Nirudi kwenye msamaha. Neno la sabini mara saba tunalipenda, na liko Mathayo sura ya 18. Ninawaomba ndugu zangu waumini waisome sura hiyo yote, kuanzia juu. Inaanza na mtoto aliyesimamishwa katikati ya wanafunzi. Linafuata onyo la jiwe la kusagia kwa yeyote anayemkosesha mmoja wa wadogo. Kisha kondoo mmoja anayetafutwa na mchungaji aliyewaacha tisini na tisa. Kisha utaratibu wa kumwonya ndugu aliyekosa: peke yake, mbele ya mashahidi, halafu mbele ya kanisa. Sabini mara saba inakuja baada ya yote hayo. Sisi tunafungulia sura hiyo mwishoni. Tunamkabidhi mtoto zigo la mwisho, ilhali hatua za katikati, ambazo ni kazi ya watu wazima, hazijafanywa na mtu.

Yusufu naye tunamhubiri kwa haraka. Ni kweli aliwasamehe ndugu waliomuuza. Lakini walipokuja Misri kutafuta nafaka hakujitambulisha. Aliwajaribu kwa muda, akataka kuona watamfanya nini Benyamini, mdogo wa mwisho, ambaye alikuwa katika nafasi ileile aliyokuwa nayo yeye siku ya shimo. Yuda alipojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake, hapo ndipo Yusufu akalia kwa sauti. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa anauliza swali la haki: je, mtu huyu bado ni yuleyule? Mtoto wa kidato cha kwanza naye anayo haki ya kuuliza swali hilo.

Mtu atanijibu kwamba chuki humla anayeibeba, kwa hiyo kumhimiza asamehe ni kumponya. Nakubali nusu. Moyo usiosamehe huoza, nimewaona wazee wanaobeba matusi ya shuleni hadi leo. Ila dawa ya jeraha haipakwi huku kisu kikiwa bado ndani. Mtoto anayeambiwa asamehe huku akiendelea kupigwa husikia jambo jingine kabisa: kwamba Mungu yuko upande wa bweni. Huyo akikua akaacha kanisa, tusitafute sababu mbali.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mchungaji si kwa aliyeonewa. Ni kwa patroni, kwa mkuu wa shule, kwa mzazi. Hapa linakuja jambo gumu. Mtoto huanza kwa kusema, "Naomba usimwambie mtu." Walezi wengi hukubali upesi ili wapate kuaminiwa, kisha wanabaki wamefungwa na ahadi yao. Afadhali kumwambia tangu mwanzo: nitakusikiliza, sitakutangaza, lakini ukiwa hatarini nitamwambia anayeweza kuzuia, na nitakueleza kwanza ni nani. Baadhi watanyamaza. Wengi wataendelea, kwa sababu ndicho walichokuja kutafuta. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na haikumtenga mwenye kola ya uchungaji. Simu ya watoto, namba 116, haitozwi chochote. Ingefaa ibandikwe kwenye mbao za matangazo za makanisa yetu, pale kando ya ratiba ya kwaya.

Amebaki mwonevu, ambaye naye ni mtoto wa mtu na huenda anaimba kwaya hiyohiyo. Mara nyingi alionewa kabla yake, nyumbani au bwenini. Hilo linatupa sababu ya kumhurumia, halimwondolei deni. Katika mikutano ya UKWATA na ya vijana nimeona akisimama, akatubu kwa machozi, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, kisha kiongozi akamwita aliyeonewa aje mbele wakumbatiane. Mbele ya watu mia mbili, mtoto atakataaje? Toba hiyo ingeanza na karanga kurudishwa, na nguo kufuliwa na mwenyewe, na yule njuka kuachwa alale usingizi muhula mzima. Kumbatio lingeweza kungoja hadi mwenye jeraha atakapolitaka mwenyewe, hata kama ni kidato cha nne, na kiongozi wa ibada angemwacha aketi kiti chake cha nyuma bila kutaja jina lake kwenye maikrofoni.